Mkebe wa Samli Kabatini

Baada ya mazishi ya Derek, mwezi uliopita, tulipelekwa kwenye ukumbi wa juu wa baa moja tukanywe chai na kula vile vitafunio vinavyoliwa hapa Uingereza mtu akizikwa. Wazee watatu wa klabu yetu ya zamani ya kulenga shabaha walikuwa wamejikusanya kona moja, na hata kabla sijavua koti nikawasikia wakirudia ubishi uleule niliouacha miaka ishirini iliyopita: risasi ya kusubu mwenyewe izame kiasi gani ndani ya ganda lake. Mmoja wao aliona tunakawia kumwelewa. Akachukua soseji iliyookwa ndani ya unga, akaichomoa nyama yake hadi nusu, akasema hii ndiyo risasi na huu unga ndio ganda. Akaisukuma ndani kwa kidole gumba chenye kucha nyeusi, akaitoa tena kidogo, akainua juu tuone. Kisha akaila. Mimi nilikuwa nimeshang'ata yangu. Niliitema kwenye karatasi ya kufutia mdomo, nikaikunja, nikaitia mfukoni, na binti wa Derek akaniona. Alidhani ni majonzi, akanishika bega. Sikumsahihisha, maana kumsahihisha kungenilazimu kusimulia habari ya mwaka mmoja niliokaa Stechford, na habari yenyewe haifai mbele ya chakula.

Habari za nilikozaliwa na nilivyofika Birmingham nitaziacha, kwani hazina uzito hapa. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa kutengeneza vipuri vya mashine, Mkenya asiye na mke, nimepanga nyumba ya vyumba viwili umbali mfupi kutoka stesheni ya Stechford. Derek alifanya kazi mashine ya pili kutoka yangu. Alikuwa mzee mpole, mwenye kunuka mafuta ya mashine na peremende, na ndiye aliyenipeleka klabuni, akanisaidia kuomba kibali cha polisi, kisha akaniuzia bunduki kuukuu ya enzi za vita vya wazungu. Yenyewe ilikaa kwenye ghala la klabu, nje ya mji. Nyumbani nilikuwa na kabati la chuma lililopigiliwa ukutani chumbani mwangu, na kibanda cha mbao nyuma ya nyumba nilikoyeyusha vipande vya madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda mwanamke, na nikikumbuka leo nilivyokuwa nikiitazama ile rojo ya kijivu ikiganda, najiona kama mtu aliyekuwa akichezea kinyesi na kukisifia rangi.

Shida ya bunduki yangu ilikuwa koo lake. Pale mtutu unapoanzia, mahali risasi inapoingia kabla ya kushikwa na ile mifuo inayoizungusha, chuma kilikuwa kimelika kwa matumizi ya watu wengine. Derek alinieleza kwamba risasi laini ya kusubu inataka iwe imeigusa mifuo hiyo kidogo tu kabla ya kupigwa. Ikiachiwa nafasi ya kuruka, inaingia upande na kuupaka mtutu madini ndani. Kwa hiyo ilinibidi niiache risasi imechomoza nje ya ganda kuliko kawaida. Lakini risasi ya kusubu ina mikato ubavuni, na mikato hiyo hujazwa grisi, na nikiichomoza sana mkato mmoja unabaki nje ya shingo ya ganda, unaokota vumbi na nyuzi za mfukoni. Nikiizamisha ili grisi ifichike, kitako chake kinapita shingo na kuingia kwenye baruti, hapo moto unakila na shinikizo linapanda hadi mtu anahatarisha macho yake. Kati ya mawili hayo kulikuwa na upana wa unywele. Nilikaa mwaka mzima ndani ya unywele ule, nikiwa na vernia, kile kipimo cha mafundi cha kupimia unene, mkononi, nikijiona mtu makini.

Suluhisho langu lilikuwa la ubahili, maana nilikuwa na mkono wa birika. Niliziacha risasi zimechomoza, kisha nikakwangua ule mkato wa nje kwa ukucha, na grisi niliyoikwangua nikairudisha kwenye mkebe wake. Grisi yenyewe nilijitengenezea: nta ya nyuki na mafuta ya kondoo ambayo mwuza nyama mmoja wa Ladypool Road alinipa bure. Pamoja na grisi ilikuja kila mara pete nyembamba ya madini iliyonyolewa na mdomo wa ganda wakati wa kuisukuma risasi. Nayo niliitupa humohumo. Nikiuyeyusha mkebe wiki inayofuata, madini yalizama chini na juu kukabaki njano safi, yenye harufu ya asali na mchuzi. Mkebe wenyewe ulikuwa wa samli, na picha ya ng'ombe ubavuni. Sikuandika kitu juu yake, na sababu ya kutoandika ndiyo inayonitia kinyaa hadi leo.

Mwezi wa kumi kasisi wa kanisa letu alisimama baada ya ibada akauliza ni nani mwenye chumba cha kupokea wageni. Kulikuwa na mume na mke kutoka Kongo ya mashariki, Papa Byamungu na Mama Furaha, waliokuwa wamekaa hotelini miezi bila jiko. Mama Furaha alikuwa mjamzito wa miezi miwili. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika njiani, walipokuwa wakikimbia. Manesi wa Kikenya waliokaa benchi la mbele waligeuka wote wakanitazama mimi, kapera mwenye nyumba nzima, na nikainua mkono. Jioni walipofika na mifuko yao miwili, Papa Byamungu hakuketi. Alisimama mlangoni mwa sebule, kofia mkononi, akasema ana swali moja tu.

"Kaka Mutua, mu iyi nyumba kuko bunduki?"

Nikamjibu hakuna bunduki hapa. Nilisema kweli, kwa sababu bunduki ilikuwa klabuni. Nilijua pia kwamba hakuwa akiniuliza kuhusu chuma fulani kiko wapi. Alikuwa akiniuliza kama mkewe ataweza kulala. Risasi mia mbili zilikuwa kabatini, hatua nane kutoka kitanda walichopewa. Niliwatandikia shuka safi, nikajisifu moyoni kwa ukarimu wangu, na kuanzia usiku huo kila kitu cha kazi yangu nikakinyima jina. Makopo nikayabandua karatasi, mkebe wa samli nikauacha na ng'ombe wake.

Nyumba ilibadilika kuwa nyumba ya watu. Mama Furaha alipika sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, kwa samaki mkavu, na bugali laini kuliko ugali wangu, na hakukubali nile peke yangu chumbani kama nilivyozoea. Papa Byamungu alikuwa akijifunza Kiingereza kwa sauti kutoka kwenye matangazo ya duka, akisoma majina ya sabuni kama mtu anayesoma zaburi. Ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba. Niliwasikia kila alfajiri wakiomba, na ombi lilikuwa moja, kwamba huyu wa tatu afike. Walimtajia Mungu miezi: sasa ni wa tatu, Baba, sasa ni wa nne. Nikilala nikisikiliza maombi hayo, vidole vyangu vilikuwa bado vinanata.

Baridi ya Januari iliigandisha grisi kule kibandani hadi ikapasuka kama udongo. Nikauleta mkebe jikoni, nikauweka kwenye kabati la bomba la maji moto ulainike, nikaenda kazini nikausahau. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea watu wa kanisa. Mama Furaha alikuwa amefundishwa na nesi mmoja kupika chapati za kukunja jinsi Wakenya wanavyozipenda, na alitaka kutuheshimu kwa chakula chetu. Alitafuta samli. Akaiona. Aliyeyusha mkebe wote kwenye sufuria, chini na juu, njano na kijivu, akakoroga.

Mimi nilirudi kutoka kununua soda nikakuta sebule imejaa, watu wameketi hadi ngazini, na chapati zimepangwa kwenye sinia, zinameremeta. Manesi walikuwa wakizisifu. Mmoja alisema tangu atoke Nyeri hajala chapati laini namna ile. Mwingine akasema zina utamu wa mbali, kama asali, akamuuliza Mama Furaha siri yake. Mama Furaha, ambaye kwa kawaida alisema machache mbele ya Wakenya kwa kuogopa kuchekwa lafudhi, alisimama katikati ya chumba akacheka, mkono mmoja juu ya tumbo. Akasema siri ni ya Kaka Mutua, ndiye mwenye samli nzuri. Watu wote wakanigeukia wakanipigia makofi.

Nilikwenda jikoni. Mkebe ulikuwa kwenye sinki, mtupu, umekwanguliwa kwa kijiko hadi bati limeng'aa. Nilishika ukingo wa sinki nikahesabu: dakika mbili za kuzungumza, na kila mtu angeacha kula, angesukutua mdomo, angemwona daktari kesho. Dakika mbili. Lakini ndani ya dakika hizo ningelazimika kusema neno risasi mbele ya Papa Byamungu, na kasisi angesikia, na manesi wangesikia, na yule mtu mkarimu wa Stechford angeisha pale pale. Niliosha mkebe, nikaufunga kwenye gazeti, nikautupa kwenye pipa la nje. Nikarudi sebuleni. Kasisi alinisogezea sinia, nami, ili nisiulizwe kwa nini sili, nikachukua chapati moja nikaila yote. Naikumbuka ladha yake. Ilikuwa tamu kweli, na kila nikiona mtu anasifia chapati mahali popote, mate hunijaa mdomoni, nami huyameza kwa shida.

Kesho yake nilikwenda maktaba wakati wa chakula cha mchana. Nilisoma, nikiwa nimesimama kati ya makabati ili mtu asione kitabu, kwamba madini ya risasi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni, na kwamba ubongo wa mtoto huyo ndio unaoumia kwanza. Niliusoma ukurasa ule mara tatu. Kisha nikafanya hesabu za mtu mwoga: ilikuwa mlo mmoja, wagawanaji walikuwa wengi, mkebe umekwisha, yaliyopita yamepita. Jioni nikala sombe nikamsifu mpishi. Nilijitia hamnazo kwa ustadi ambao sikujua ninao. Na Jumamosi ya pili yake, naona haya kuandika hili lakini ndivyo ilivyokuwa, nilikwenda klabuni na kupata kile nilichokitafuta tangu mwanzo wa mwaka. Nilikuwa nimeizamisha risasi kwa unene wa karatasi moja zaidi, na matundu matano yakakaa shabahani yamegusana. Derek alinipa mkono. Wazee wakaja kupima kwa vernia zao, wakaniita bingwa, na nikafurahi. Mama Furaha alikuwa nyumbani na sumu yangu katika damu yake, nami nilisimama kwenye nyasi zenye umande nikifurahia matundu matano kwenye karatasi.

Ilikuwa jioni ya wiki ya tatu tangu zile chapati, saa kumi na moja hivi, nimetoka kazini, nimekaa mezani jikoni nikisubiri maji yachemke. Baridi na maji ya kupozea mashine vilikuwa vimeipasua mikono yangu hadi inatoa damu kwenye viungo. Mama Furaha aliingia, akaitazama, akasikitika, akapanda juu chumbani kwao. Alishuka na chupa ya jamu. Aliifungua akaiweka mbele yangu, na kabla macho hayajaona, pua ilijua.

"Kaka Mutua, ona vile mikono yako inapasuka," aliniambia. "Pakala iyi. Ile samli yako, nilibakishaka kidogo. Minapakalaka mu tumbo kila mangaribi, juu ngozi isipasuke. Na asubui namukarangia Papa mayai, na yangu."

Chupa ilikuwa imebaki robo. Chini kabisa kulikuwa na tabaka la kijivu, na ndani ya lile tabaka vipete vidogo, vinang'aa, vya kunyolewa na mdomo wa ganda. Nilivijua kimoja kimoja. Niliinuka nikakimbilia sinki nikatapika, na yeye, maskini, akaja akanishika mgongo, akaniuliza nimekula nini kazini.

"Mama Furaha, usiguse hiyo tena," nilimwambia nikiwa bado nimeinama. "Si samli. Ni grease yangu ya risasi. Iko na lead ndani, ni sumu. Ni mbaya kwa mtoto."

Hakulielewa lile neno la Kiingereza, ila mengine aliyaelewa. Aliniuliza risasi ya nini, nikamwambia ya bunduki, ninazitengeneza mwenyewe, kule kibandani. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango wa friji. Alijipangusa tumbo kwa kiganja, juu ya nguo, mara nyingi, polepole, kama anayepangusa unga. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu ile Sunday ya chapati."

"Mayenga tatu," alisema, yaani wiki tatu. "Mayenga tatu uko unaniona, unanyamaza."

Alipanda ngazi akajifungia. Papa Byamungu aliporudi nilisikiliza kupitia ukuta ule mwembamba; sikusikia kelele, nilisikia sauti yake tu ikiuliza jambo moja na ya mkewe ikijibu, kwa muda mrefu. Alishuka akasimama palepale mlangoni mwa sebule aliposimama siku ya kwanza. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi: kibali cha polisi, mchezo halali, bunduki haiko hapa. Aliniacha niyamalize yote. Kisha akasema, "Nilikuuliza," akaenda kumtafutia mkewe koti.

Niliwapeleka kliniki. Mkunga aliandika kila nilichosema, akainua macho mara moja tu, niliposema nilijua. Damu ya Mama Furaha ilikutwa na madini hayo mengi kuliko yanavyotakiwa kuwepo. Wakamwambia hakuna la kumpa kwa kiwango kile ila kuondoka kwenye chanzo, ale vizuri, apimwe tena na tena, na mtoto akizaliwa wamfuatilie. Papa Byamungu aliuliza, kwa kile Kiingereza chake cha matangazo ya sabuni, kama mtoto atakuwa sawa, na mkunga akamjibu kwa upole kwamba hawawezi kujua sasa. Alikuwa akiomba jibu, akapewa upole. Mimi nilikaa kiti cha tatu, na unajua nilikuwa nataka nini? Nilitaka mmoja wao anigeukie aniambie usijali, Kaka. Nilitaka hilo kuliko nilivyotaka mtoto awe salama. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye kiti kile cha plastiki.

Niliwazungukia wote waliokula, nyumba kwa nyumba, Sparkbrook hadi Lozells, nikiwaambia wakapimwe. Nesi mmoja alifunga mlango kabla sijamaliza. Kasisi aliniombea, kwa haraka. Kabati, kalibu na vernia nilivipeleka kwa Derek, ambaye hakuweza kuelewa. Alidhani nina ugomvi na polisi, akaniahidi kuniwekea hadi hali itulie. Nilipomweleza, alitikisa kichwa akasema yeye hunawa kila mara. Kisha, Mungu amrehemu, akaniuliza kama ninakumbuka kile kipimo cha mwisho, kile cha matundu matano, ili akiandike.

Papa Byamungu na mkewe walihamia Lozells mwezi wa tatu, chumba juu ya duka la mboga. Mtoto alizaliwa mwezi wa nne, wa kiume, kabla ya wakati wake, mdogo, mzima wa viungo. Kama udogo ule ulitokana na mimi au na njia ndefu waliyotoka, hakuna aliyeweza kusema. Sikualikwa, ila sikukatazwa. Nilinunua blanketi na maziwa ya kopo, nikapanda basi, nikapanda ngazi zinazonuka vitunguu. Chumba kilikuwa na joto, kimejaa wanawake wa kanisa waliokaa kitandani na sakafuni, na mtoto akipita kutoka paja hadi paja, kila mtu akimnong'oneza. Waliponiona, aliyempakata alimrudisha kwa mama yake kitandani. Papa Byamungu alinipokea kwa adabu zote, akapokea blanketi kwa mikono miwili. Akaleta beseni, jagi la maji ya moto na sabuni, akapiga goti mbele yangu.

"Nawa, Kaka."

Nikanawa. Akayamwaga maji, akarudi na mengine. Aliniambia ninawe tena, nikanawa, hadi kwenye viwiko, chini ya kucha, na yale maji ya pili yalikuwa meupe kabisa. Akayachungulia, akaenda akaleta ya tatu. Nilipomaliza nilinyoosha mikono kuelekea kitandani, mitupu, inachuruzika, imeiva kwa maji ya moto. Mama Furaha aliitazama. Kisha akamvuta mtoto kifuani, akamfunika uso kwa kitenge, akaniuliza kama ningependa chai. Nikasema ndiyo, asante.